Sura ya Mashuka

“Hakuna mwanamke anayesema hivyo,” alisema Mama, na mwanawe akaishusha karatasi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ya kumsomea. Mama alikuwa ameegemea mito kitandani, mikono yake iliyopinda kwa sabuni na maji ya moto ya miaka mingi imelala mapajani. Mwalimu, mwanawe, alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, karatasi zake zimeshikizwa kwa pini alizomwibia mkewe fundi cherehani. Mama hakujua kusoma, si a wala be. Lakini kwa miaka minane hakuna sentensi ya riwaya ile iliyowahi kubaki bila kupita kwanza masikioni mwake. Waandishi wengine wana marafiki wasomi wa kuwapelekea kazi zao. Yeye alikuwa na mama yake, na mama yake hakuwa na huruma.

“Anasemaje basi?”

“Mtu kamkuta mumewe na mwanamke mwingine, halafu anamwambia, ‘Umeuvunja moyo wangu’? Aka! Atamuuliza viatu vyake vya kazini kaviacha wapi. Atauliza kitu cha kipuuzi kabisa. Mtu aliyeumia haanzi na moyo.”

Mwalimu akaandika pembeni: viatu vya kazini. Alijua Mama amesema kweli, na ndiyo maana hakubisha. Akafungua sura ya kumi na moja. Mhusika wake mkuu alikuwa mjane, mfuaji wa hospitali kama Mama alivyokuwa zamani, na katika sura hii njaa na ada za shule zilimfikisha mahali pa kuiba mashuka. Mwalimu alisoma jinsi mjane alivyoyapanga kwenye kikapu, akaweka mboga juu, akapita getini moyo ukimdunda.

“Kikapuni?” Mama akacheka mpaka akakohoa. “Huyo atafungwa siku hiyo hiyo. Askari wa getini kazi yake ni vikapu! Na shuka kavu linafura, mtu atadhani umebeba mimba. Unalichukua bichi, umelikamua vizuri, unajizungushia kiunoni mara tatu chini ya gauni. Likiwa bichi linashika mwili. Na unangoja siku ya mvua, maana siku ya mvua hakuna atakayekuuliza mbona umelowa.”

Mwalimu alikuwa anaandika mbio mbio, anafurahi kama mtoto. Kisha kalamu ikasimama.

“Mama. Umejuaje?”

Mama aliangalia dirishani.

“Nilichukua manne,” alisema. “Mlikuwa mnarudishwa nyumbani kila Jumatatu kwa kukosa mashati meupe, wewe na marehemu kaka yako. Nikakata ile kona yenye mhuri nikaichoma, nikashona mashati. Yalitoka mazuri. Hata mwalimu mkuu wenu aliyasifu.”

“Si ndiyo mashuka aliyofukuziwa kazi Mama Mdogo?”

“Ndiyo hayo.”

Mama Mdogo hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa Mama tangu ujana, na watu wote wa mtaa walimwita Karani, kwa kuwa enzi hizo pale hospitali ndiye aliyehesabu mashuka na kutia saini daftarini. Ukarani ule uliisha siku moja kwa barua ya mistari mitatu. Jina likabaki, wengine wakiliita kwa heshima na wengine kwa dhihaka, huku mwenyewe akiuza mkaa barazani, na binti yake wa kwanza akiacha shule kwenda kulea watoto wa watu. Karani mwenyewe alikuwa na maelezo yake, na aliyarudia kila mara bila uchungu: macho yake ndiyo yaliyomponza. Alihesabu vibaya, basi. Akanunua miwani wakati kazi imeshakwenda. Sasa, wazee wote wawili, alikuja kila siku saa kumi jioni kumwogesha Mama, kwa sababu Mama hakukubali kuogeshwa na mtu mwingine, hata mkamwana.

“Hakuhesabu vibaya,” alisema Mama. “Hakuhesabu kabisa. Siku zile alikuwa na mtoto mgonjwa, anataka awahi nyumbani. Akaniuliza, ‘Hesabu zimetimia?’ Nikamwambia, ‘Zimetimia, mwenzangu, we tia saini uende.’ Akatia.”

“Na baadaye? Walipomfukuza?”

“Ningesema, mngekula nini?” Mama alimgeukia. “Hili nimemwambia mwanangu, sijamwambia mwandishi. Umenisikia? Usiliweke.”

“Siliweki, Mama.”

“Apa.”

Akaapa.

*

Kiapo kile kilidumu siku mbili. Mwalimu alijiambia kwamba kuandika si kuchapisha, aandike tu aone linavyokaa, kisha alichane. Hivyo ndivyo waandishi wanavyojidanganya, na hawa watu kwa kujidanganya hawana mpinzani.

Nyumba ilikuwa na meza moja tu ya maana, meza ya mkewe ya kukatia vitambaa. Saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja kasoro ilikuwa ya riwaya, baada ya hapo ilikuwa ya magauni ya watu. Kila asubuhi mkewe alitoka chumbani na mkasi mkononi na kusema, “Haya, mwache huyo mke mwenzangu wa karatasi apumzike, mimi nina wateja.” Mwalimu alikusanya daftari lake, akavaa shati, akaenda kufundisha darasa lenye watoto themanini, na kwenye chumba cha walimu akakutana na utani ule ule. Mwalimu mkuu aliusema mbele ya wageni: “Huyu mwenzetu anaandika kitabu. Tembo hubeba mimba miaka miwili, yeye huu ni mwaka wa nane. Tunangoja kuona atazaa mnyama gani.” Wote walicheka. Yeye naye alicheka, maana asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi.

Lakini asubuhi zile tatu za sura ya mashuka, hakusikia utani wa mtu. Kwa miaka minane alikuwa amezoea kuzivuta sentensi kama mtu anayevuta ng’ombe aliyegoma. Sasa zilikuja zenyewe. Shuka bichi, baridi tumboni, mvua, askari anayepiga miayo. ‘Zimetimia?’ ‘Zimetimia.’ Alifika mwisho wa sura akalia kidogo, kisha akaona aibu akaenda kunawa. Hakuichana. Aliishikiza kwa pini akaitia kwenye mfuko wake wa shule, na katika riwaya yenyewe akaibakiza ile sura ya zamani, ya kikapu na mboga.

*

Mhariri alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, na upole wake ulitisha kuliko ukali wa mwalimu mkuu. Mwalimu aliomba ruhusa shuleni, akakaa kwenye benchi la ofisi ile kuanzia saa tatu, kati ya wauzaji wa vitabu vya hesabu na mtu aliyekuja kurekebisha feni. Saa sita mtu wa feni aliitwa kabla yake. Saa sita u nusu na yeye akaitwa.

“Mwalimu wangu,” alisema Mhariri, mikono juu ya ule mswada mnene aliopelekewa, “umejitahidi. Naona jasho. Kila ukurasa naona jasho.”

Mwalimu alitabasamu, akidhani anasifiwa.

“Tatizo ndilo hilo. Naliona jasho lako, simwoni mtu. Huyu mjane wako ni mwema mno, hata anapoiba anaiba kiungwana. Kikapu! Mboga! Nimesoma wizi huu mara kumi kwa watu kumi. Mwaka huu tunachapa riwaya mbili tu, na kusema kweli, hii sioni tunaitia wapi.” Akausogeza mswada upande wa Mwalimu, taratibu, kwa vidole viwili. “Usikate tamaa. Labda uandike vitabu vya watoto. Wewe si unawajua watoto?”

Hapo ndipo ilipotokea. Angeweza kusema ahsante akaondoka. Ana mke, ana kazi, ana mama anayempenda, na mtu hafi kwa kukosa kuchapishwa. Lakini alikumbuka miaka minane ya alfajiri, na mwalimu mkuu na tembo wake, na mkono wake ukaingia mfukoni kabla hajauruhusu.

“Kuna sura nyingine,” alisema. “Sikuiweka.”

Mhariri alizipokea zile karatasi kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kubembelezwa. Alisoma ukurasa wa kwanza amejiegemeza, wa pili amekaa wima. Chai ikaletwa, akaisukuma pembeni bila kuitazama. Alipomaliza alivua pete yake akaivaa tena.

“Hii ilikuwa wapi?”

“Mfukoni.”

“Mfukoni! Wewe mtu una kichaa? Hiki ndicho kitabu. Hii ndiyo riwaya yenyewe, haya mengine yote ni njia ya kuifikia.” Akaurudisha ule mswada upande wake. “Irekebishe yote iendane na sura hii. Nakupa miezi minne. Na ukija bila sura hii, tafadhali usije.”

Mwalimu alitoka pale akitembea kwa miguu mpaka nyumbani, mwendo wa saa nzima, bila kuhisi jua.

*

Alimwambia mkewe ukweli, kwani kwa mkewe hakuwa na ujanja. Mkewe alikuwa anatia pindo gauni la harusi la mtu. Hakuinua macho.

“Na Mama umemwambia?”

“Nitamwambia nini? Nimebadilisha. Si hospitali tena, nimeita nyumba ya wagonjwa. Mjane nimempa watoto wa kike. Mwenzake nimemfanya mrefu, mwembamba.”

“Mama Mdogo ni mfupi, mnene.”

“Ndiyo maana!”

“Na mashuka umeyafanya nini, mapazia?”

Mwalimu alianza kukusanya pini zilizotapakaa mezani.

“Bichi, kiunoni, siku ya mvua,” mkewe alisema. “Zimetimia, tia saini. Hayo umeyabadilisha?”

“Hayo ndiyo yenyewe. Siwezi kuyagusa.”

“Haya.” Alikata uzi kwa meno. “Mimi si msomi. Lakini mtu akikwambia siri ukaiuza, huwezi kusema umeibadilisha kanzu.”

“Sijauza! Hivi unadhani nitalipwa shilingi ngapi? Na nani atajua? Mama hasomi.”

“Mama hasomi,” mkewe alikubali. “Ana masikio tu.”

Walilala wamepeana migongo siku tatu. Siku ya nne mkewe alimwekea chai mezani alfajiri bila kusema neno, akarudi kulala, na Mwalimu akaichukua kama ruhusa. Haikuwa ruhusa. Ilikuwa chai.

*

Miezi minne ile aliirekebisha riwaya kama mtu anayebomoa nyumba huku anaishi ndani. Alifuta sura saba. Mhusika mmoja aliyempenda sana, mzee mcheshi, alimwua kwa mstari mmoja kisha akamfuta kabisa, hata hakufa, hakuwahi kuzaliwa. Na Jumamosi ziliendelea. Mama aliendelea kusahihisha: hapa mtu amekaa muda mrefu bila kula, pale mtoto anaongea kama diwani. Mwalimu alimshukuru, akarekebisha. Mama hakujua kwamba anaisafisha njia ya kwenda kwenye kile kitu alichokikataza.

Siku waliyofika sura ya kumi na moja, alikuwa amejiandaa. Alisoma ile ya zamani, ya kikapu, kwa sauti isiyotetemeka.

“Kikapu umekibakiza,” alisema Mama.

“Nimekibakiza.”

“Ni kibaya. Lakini afadhali kibaya.” Akanyoosha mkono wake uliopinda akamgusa goti. “Nilikuwa silali, mwanangu. Nilidhani utashindwa kujizuia. Mungu akubariki.”

Mwalimu aliitikia amina. Aliitikia kwa sauti safi kabisa, na alipotoka alikwenda uani akasimama nyuma ya tangi la maji mpaka uso wake ulipotulia.

*

Kitabu kilitoka. Hakukuwa na ngoma wala magazeti, kilitoka tu kama vitabu vinavyotoka, nakala ishirini za mwandishi ndani ya boksi lenye unyevu. Mwalimu mkuu alinunua moja akakiri kwamba si mnyama mbaya. Mhariri alipiga simu kusema kuna watu wawili, watatu, wamemwuliza sura ile mwandishi aliitoa wapi. “Nimewaambia ni kipaji,” alisema akicheka.

Mama alikitaka cha kwake. Angemnyimaje? Alikishika, akakinusa, akapitisha kidole kwenye jina la mwanawe baada ya kuonyeshwa lilipo. Alikiweka chini ya mto. Mwalimu alikiona pale kila asubuhi, akatulia. Kitabu chini ya mto wa mtu asiyesoma ni sawa na tofali.

Kosa lake lilikuwa hilo, na si la mtu mjinga, ni la mtu aliyezoea kuwa yeye ndiye msomaji wa nyumba. Kwa miaka minane Mama alisikia maneno kwa mdomo wa mwanawe peke yake, basi Mwalimu akasahau kwamba kuna midomo mingine. Akasahau kwamba kila siku saa kumi jioni, yeye akiwa bado shuleni na mkewe yuko kwa wateja, aliingia chumbani mle mwanamke aliyekuwa karani, ambaye kazi yake yote ya ujana ilikuwa kusoma na kutia saini.

Alhamisi moja walimu walikuwa na kikao, kikaahirishwa, akarudi mapema. Mlangoni alivua viatu. Akasikia sauti kutoka chumba cha Mama, sauti nzito, inayosoma taratibu neno kwa neno, kama mtu anayeita majina kwenye orodha.

“...akaenda kuchota maji kabla ya wenzake. Nukta. Hapo mwanao kaweka nukta.”

“Usinisomee nukta, we Karani! Nisomee maneno.”

Wazee walicheka. Harufu ya sabuni ya kuogea ilikuwa bado ukumbini. Mwalimu alielewa haraka: walikuwa wanasoma kila siku baada ya kuoga, siku nyingi sasa, na walimficha ili waje wamshangaze wakimaliza. Karatasi iligeuzwa.

“Sura ya kumi na moja,” alisoma Karani.

Mlango ulikuwa hatua nne kutoka aliposimama. Angeweza kukohoa. Angeweza kuingia akasema, jamani, chai iko tayari, nipeni hicho kitabu nikitie saini, nyumba inaungua, lolote. Hakufanya. Na tusimsingizie hofu peke yake. Tangu aiandike sura ile hakuwahi kuisikia ikisomwa kwa sauti, hata mara moja. Zote nyingine Mama alikuwa amezionja, hii hapana. Alitaka kusikia. Mungu amsamehe, alisimama pale na soksi zake kwenye sakafu ya saruji, akasikiliza kama inakaa vizuri.

Ilikaa vizuri. Karani aliisoma mvua. Alisoma lile shuka bichi, na kitanda cha Mama kikalia kidogo.

“Pumzika, Karani,” Mama alisema. “Umechoka. Tutamalizia kesho.”

“Ngoja, imenoga. Huyu mwanamke ana akili kama shetani! Mimi kwenye hesabu zangu nisingemkamata.” Akacheka peke yake. “Haya. ‘Yule mwenzake alikuwa na haraka, mtoto wake anaumwa. Akauliza, Zimetimia? Mjane akamwambia, Zimetimia, mwenzangu, we tia saini uende.’”



Alirudia mstari ule, sasa si kwa kusoma, kwa kujaribu kuukumbuka. “We tia saini uende.” Kisha, “Mtoto wangu wa pili alikuwa na surua.”

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia, amechelewa kwa ukurasa mzima. Karani alikuwa kwenye kile kigoda cha Mwalimu, kitabu mapajani, taulo bichi begani. Alimtazama kwa juu ya miwani.

“Mwanangu, umekuja. Hili umelitunga?”

“Nimetunga, Mama Mdogo,” alisema. “Yote ni ya kutunga.”

“Hakutunga,” alisema Mama.

Mama alikuwa ameng’ang’ania shuka kwa ile mikono isiyokunjuka. Alisema maneno machache tu, kwamba ni manne, kwamba ni mashati ya watoto, kwamba kila mwaka alitaka kusema na kila mwaka likawa zito kuliko mwaka uliopita. Karani hakumkatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kusikiliza hesabu.

“Mashati yale,” alisema. “Huyu alikuwa anakuja nayo kwangu kula mchana. Nikimwambia binti yangu, muone mwenzako anavyong’aa, wewe umekalia uchafu.” Akavua miwani. “Na mimi nikasema ni macho. Kila aliyeniuliza nimemwambia ni macho. Nimeacha kujiamini hata kuhesabu chenji ya mkaa, nampa mtoto wa jirani anihesabie.”

“Mama Mdogo...” Mwalimu alianza.

“Wewe ngoja. Kitabu hiki wamekisoma watu wangapi?”

“Si wengi.”

“Wangapi?”

“Mhariri. Wapiga chapa. Walimu wenzangu. Labda mia mbili, mia tatu.”

“Mia tatu.” Alitikisa kichwa polepole. “Na mkeo?”

“Na yeye,” alisema Mwalimu.

“Kumbe mimi ndiye wa mwisho kupata habari zangu,” alisema Karani. Akakunja taulo vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka kitandani. Akakiweka kitabu juu yake. Mama alimwita mara moja tu kwa jina lake la utotoni, ambalo Mwalimu hakuwa amewahi kulisikia. Hakugeuka.

*

Ijumaa saa kumi ilifika na kupita. Jumamosi pia, na asubuhi yake hakuna aliyesoma wala aliyeomba kusomewa. Mama hakumgombeza mwanawe, na angemgombeza ingekuwa nafuu. Alikataa kuogeshwa na mkamwana kwa adabu, kama mtu anayekataa chakula ugenini. Jumapili alimwita Mwalimu.

“Lete karatasi. Andika ninavyosema.”

Mwalimu alikaa. Mama alifumba macho.

“Karani. Nilikudanganya hesabu. Wewe hukukosea, macho yako yalikuwa mazima. Kazi yako niliila mimi na wanangu. Siombi uje. Nataka tu ujue kwamba macho yako yalikuwa mazima.” Akafumbua macho. “Basi.”

“Niongeze salamu mwishoni?”

“Usiongeze kitu! Soma.”

Alisoma. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika alikuwa amenakili maneno ya mtu bila kugusa hata moja, na aliona ni mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatunga. Wazo hilo lilimjia lenyewe, akalichukia, likabaki pale pale. Mama alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa mihuri ya shule, akakigandamiza chini ya karatasi. Kidole kilichopinda kiliacha alama ya ukungu tu, doa lisilo na mistari.

Karani alikuwa barazani kwake, mkaa umepangwa kwenye makopo. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Mwalimu alimpa ile barua kwa mikono miwili. Aliisoma amesimama, midomo ikisogea, na alipofika katikati uso wake ulilegea, Mwalimu aliona wazi, ulilegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Kisha akairudia tangu juu, polepole zaidi. Akaigeuza nyuma. Akalisogeza lile doa kwenye mwanga.

“Mwandiko ni wako,” alisema.

“Ni maneno yake, Mama Mdogo. Kanitajia, mimi nimeandika tu.”

“Matamu.”

“Ni yake. Naapa.”

“Ungeniletea kabla sijakisoma kitabu chako, ningeamini.” Alikuwa hana hasira, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba. “Nayataka haya maneno, mwanangu. Miaka thelathini nayataka. Lakini wewe unajua kuandika watu wanavyosema, hata ambacho hawakusema. Sasa mimi nitajuaje?”

Mwalimu alifungua mdomo. Alitafuta sentensi moja tu ya kweli ambayo ingesikika kama ya kweli, na kila iliyomjia ilikuwa imetengenezwa vizuri mno. Karani alingoja kwa muda wa haki, kisha akamrudishia karatasi, akageuka kumhudumia mteja.

Alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mama angekuwa macho, amegeukia mlango, angeuliza amesemaje. Kufika kona ya pili alikuwa ameshamtungia jibu: Karani amelia, amesema tumpe siku chache. Akalirekebisha akitembea. Kulia akakutoa, kulikuwa kumezidi. Siku chache akazibakiza.